Pongezi kwa Wanaozima Moshi Mlimani

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kisha serikali ya kitaifa ikatoa Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014. Lakini kanuni haina miguu. Miguu ni ya afisa wa afya ya umma wa kaunti, na huyo ndiye ninayempa hongera.

Nilimwona mmoja mjini Karatina, asubuhi ya baridi, ukungu umelala chini na moshi wa taka umekwama ndani yake. Nyuma ya vibanda, rundo la maganda ya mahindi na chupa za plastiki lilikuwa likifuka. Hakufoka. Alichutama, akachomoa kwa kijiti chupa iliyoyeyuka nusu, akamwonyesha mwenye kibanda: "Mama, moshi wa hii ndio mnaovuta, wewe na huyo mtoto mgongoni." Wakalimwagia rundo maji pamoja. Kisha, kwa sababu sheria ni sheria, akaandika notisi.

Gereji, machinjio, viwanda vya mbao, vyote vinamngoja. Kaunti za huku mlimani, kuanzia Nyeri, zimpe mafuta ya pikipiki ya kutosha, na lori la taka lifike sokoni kila jioni.