Heko kwa Wahakiki wa Saa za Linux

Ndani ya ruta kuna kristali ipigayo mamilioni ya mara kwa sekunde. Mapigo hayo, ambayo mafundi huyaita saa, huzidishwa, hugawanywa na kusambazwa kote kwenye chipu. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, keneli ya Linux ina mfumo mmoja wa kuyasimamia. Mashine ikikaribia kumaliza kuwaka, keneli huzima kila saa isiyodaiwa na draiva yoyote, isipokuwa iliyowekewa alama ya kutozimwa. Ikizimwa ya kumbukumbu, mashine hukwama kimya, bila hata ujumbe wa kosa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mhakiki, yule anayekagua msimbo kabla haujaingia kwenye keneli. Humuuliza mwandishi wa draiva: saa hii umeiwekea alama ya kutozimwa kwa nini? Jibu la “bila hivyo haiwaki” halimtoshi (ukaidi mtamu huo!), anataka kujua nani hasa anaitumia.