Wageni Mbele ya Sanamu

Ukitaka kuijua nyumba yenye sanamu, usizitazame sanamu peke yake. Wasikilize na wageni. Mtu aingiapo katika sebule ya mkusanyaji, ambamo vinyago vimesimama ukutani na juu ya rafu tangu sakafuni hadi darini, hutamka neno kabla hajaketi. Mmoja hushtuka, akamwita Mungu, akarudi nyuma. Mwingine huuliza bei. Wa tatu husifu: ni nzuri, ni nzuri ajabu, na huku macho yake yamekwisha hamia pengine. Yafaa tuyapime maneno haya, msomaji, maana wengi hudhani kuwa mwenye hofu ndiye mjinga na mwenye sifa ndiye mwerevu. Mimi siikubali hukumu hiyo.

Kenya haikukosa nyumba ya namna hiyo. Joseph Murumbi, aliyezaliwa mwaka 1911, akawa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1964 na Makamu wa Rais kwa miezi michache ya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji asiyechoka. Alikusanya vitabu vya kale, barua, stempu, nguo, mapambo na sanamu kutoka pande nyingi za Afrika, na nyumba yake ya Muthaiga, Nairobi, ikajaa vitu hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na mkewe Sheila, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, walianzisha African Heritage, mahali pa kuonyesha na kuuzia kazi za mikono ya Waafrika. Baadaye Murumbi aliiuzia Serikali sehemu kubwa ya mali yake. Alifariki mwaka 1990. Nyumba ya Muthaiga iliachwa ikaharibika, jambo la kusikitisha; lakini vitu vilivyotoka humo vimo katika jumba la Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, na vingine vimo katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa zamani ofisi ya mkuu wa jimbo. Donovan naye alijenga nyumba yake juu ya mbuga ya wanyama ya Nairobi, akaijaza sanamu na kuwafungulia wageni. Alifariki mwaka 2021.

Angalia tofauti iliyopo baina ya nyumba na jumba la makumbusho. Katika nyumba, mwenyewe ndiye maelezo. Mgeni akistuka mbele ya kinyago, mwenyeji humshika mkono, akamweleza alikipata wapi, kwa nani, na kilikuwa kikifanya kazi gani huko kilikotoka. Mwenyeji akifa, maelezo hufa pamoja naye, isipokuwa yale aliyoyaandika. Hubaki kioo, na kadi ndogo yenye jina la kabila na jina la nchi. Basi mgeni wa leo huachwa peke yake na neno lake la kwanza.

Nimepata kuwapeleka wanafunzi Nairobi kutoka huku Kehancha, safari ya kutwa nzima. Kijana wa Ukuria amezoea kusikia litungu likipigwa kuliko kutazama sanamu za watu. Sanamu aijuayo sana ni ile ya jiwe la Tabaka, kiboko au tembo mdogo akaaye katika kabati la vyombo, jirani na vikombe vya wageni. Mbele ya vinyago vikubwa vijana wengi hucheka kwanza. Kisha mmoja hunong'ona: ni shetani. Neno hili lina historia yake. Wamisionari wengi walifundisha kwamba vitu vya namna hii ni vya kuchomwa moto, na sisi walimu tulirithi mafundisho hayo pamoja na chaki. (Tena kuna jambo la kuchekesha hapa. Vinyago vya Kimakonde viitwavyo kweli "shetani" havikutoka katika ibada yoyote ya kale. Namna hiyo ya uchongaji ilianza Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na mchongaji Samaki Likankoa ndiye atajwaye kuwa mwanzilishi wake. Vilichongwa viuzwe.)

Hata hivyo simdharau kijana anong'onaye. Amekosea jina, lakini amehisi kwamba kitu kile kiliwahi kuwa na kazi nzito katika maisha ya watu. Sifa za mgeni wa tatu hazina hata hilo.

Chukua mfano wa sanamu ndogo za mapacha za Wayoruba wa Nigeria, zinazoonekana katika mikusanyo mingi ya kazi za Afrika. Kimo chake hakipiti sana shubiri moja, na nyingi zina uso uliofifia: pua imelainika, macho karibu yametoweka. Mgeni husema kwamba mchongaji hakumaliza kazi, au kwamba kitu kimechakaa. Sasa sikiliza. Wayoruba huzaa mapacha wengi kuliko karibu watu wote wa dunia, na zamani pacha mmoja alipofariki, ilichongwa sanamu yake. Mama aliiogesha, akaipaka mafuta, akaivika nguo na kuilisha, kama alivyomfanyia yule aliyebaki hai. Uso umefifia kwa kuogeshwa. Kile ambacho mgeni alikiita kasoro ni alama ya mikono ya mama, siku baada ya siku, kwa miaka. Mtu akilijua hilo hawezi tena kusema "nzuri" akapita.

Lakini jambo hili lilitufika sisi wenyewe, tena kwa uchungu zaidi, katika pwani yetu. Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda huchonga vigango, nguzo za mti mgumu zenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichokatwa nakshi za pembetatu. Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Huwekwa pale mjini mwao, na hata jamaa wakihama, kigango hakihamishwi. Kukiondoa ni kuwasumbua wafu, na balaa lolote lifuatalo, kama ukame au ugonjwa, huhesabiwa kuwa limetokana na jambo hilo.

Tangu miaka ya 1970 vigango viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa wafanyabiashara, vikavuka bahari hadi Marekani. Huko vilisimama katika nyumba za matajiri, vyembamba na virefu, kando ya makochi na taa. Hapana shaka wageni walivisifu. Mwaka 1990 mwigizaji Gene Hackman na mtengenezaji wa filamu Art Linson waliipa Makumbusho ya Maumbile na Sayansi ya Denver vigango thelathini. Sidai kwamba wenye nyumba hizo walikuwa wezi. Walinunua kilichokuwa kikiuzwa waziwazi. Nasema tu kwamba katika sebule zile, kati ya wageni wote waliosimama na glasi mkononi, sifa zilifanya kazi ambayo hofu isingeifanya: zilifunga swali. Mtu mwenye hofu angeuliza, "Huyu ni nani?" Naye angekuwa amekaribia sana ukweli, maana alikuwa ni mtu, baba wa fulani.

Swali hilo liliulizwa hatimaye, na lilianza kwa picha. Mwaka 1985 mwanachuoni Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Punde vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja katika picha za makumbusho ya Illinois, na cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Cha kwanza kilirudishwa mwaka 2006 na cha pili mwaka 2007. Denver nao walitangaza mwaka 2014 kwamba watavirejesha vile thelathini.

Kwa hiyo, ukipelekwa siku moja mbele ya sanamu za Murumbi, au ukikaribishwa kwa mtu mwenye kabati la mawe ya Tabaka, zuia ulimi wako kidogo. Tazama palipolainika na palipochimbika. Tazama miguu: je, ilichimbiwa ardhini, au imekatwa sawa ili isimame mezani? Kiboko wa Tabaka hana huzuni yoyote nyuma yake. Alichongwa auzwe, na mchongaji wake hufurahi ukimsifu na hufurahi zaidi ukiuliza bei. Kwa kitu kama hicho neno la mgeni wa pili ndilo la adabu.

Kigango hakina bei unayoweza kuiuliza, na hata kurudi kwake si jambo jepesi. Vile viwili vya mwaka 1985 vilikuwa na picha ya kuvishuhudia na jamaa za kuvipokea. Vile thelathini vya Denver havikuwa na picha kama hiyo. Hakuna aliyeandika, vilipokuwa vikipita mkono kwa mkono, vilitolewa katika mji gani, wala viliitwa kwa jina la nani.