«Inakosa kitu»: namna tunahukumu logo zetu

Wandugu, kila mara koperativi ao chama cha vijana kinataka logo mpya, mambo inapita njia moja. Grafisti anatuma kazi yake kwa kundi: herufi moja na jani moja, basi. Wa kwanza anasema: «Iko muzuri sana, kaka!» Wa pili: «Naona inakosa kitu.» Wa tatu anaomba jembe, wa ine kitabu, wa tano mikono miwili yenye kusalimiana na ramani ya Congo nyuma yake. Rais wa chama anakubali yote, juu asikasirishe mtu. Mwisho logo inakuwa afishi.

Kati ya hao watano, hakuna hata mumoja aliyetoa kritiki. Siku ya kutetea memwari, mwalimu wa juri akisema tu «sijapenda», tutamuuliza ukurasa gani na sababu gani. Kwa logo tunasahau hiyo sheria. Na logo rahisi njo inateseka zaidi, kwa sababu kazi kubwa ya mwenye kuichora ni ile aliyoondoa, na ile haionekane tena kwa karatasi.

Tuangalie panda ya WWF. Kwetu Kivu ya Kaskazini watu wengi wanaifahamu, maana WWF imetumika kandokando ya Virunga, kwa mufano kwa kupanda miti ya makala na mradi EcoMakala. Ile logo ilizaliwa mwaka 1961, na Peter Scott njo aliitengeneza akitumia michoro ya Gerald Watterson. Walichagua panda kwa sababu ni munyama wa kupendeza mwenye kuwa katika hatari, lakini pia kwa sababu iko nyeusi na nyeupe: kuichapisha hakuombe feza mingi. Mwaka 1986 wakaipunguza tena. Ukiiangalia vizuri, mustari wa kichwa na wa mugongo haupo. Jicho lako njo linaumaliza. Kama mutu angesema siku ile «inakosa mugongo», angesema kweli, lakini kweli yake haingesaidia kitu.

Kupunguza tu hakutoshe, lakini. Mwaka 2010 duka za nguo za Gap, kule Marekani, ziliacha logo yao ya zamani, herufi nyeupe ndani ya mraba wa bluu. Wakaweka jina kwa rangi nyeusi, na kamuraba kadogo ka bluu nyuma ya herufi ya mwisho. Watu wakalalamika sana, na karibu kisha wiki moja ya zamani ikarudi. Ile mpya ilikuwa rahisi, lakini iliondoa kile watu walizoea kutambua, ikabakiza kamuraba bila kazi. Sisi wa agronomia tunajua: ukipogoa kahawa, hauhesabu matawi uliyokata, unaangalia kama umeacha yale yatakayozaa.

Basi, mwenye kutoa kritiki aanze na kazi ya logo. Ifanye iwe ndogo sawa muhuri: bado inasomeka? Ipitishe kwa fotokopi nyeusi: inabaki nini? Iweke kwa mufuko wa kahawa, kisha uiangalie ukiwa juu ya moto yenye kutembea. Ficha jina: inaweza kuwa ya chama kingine chochote? Kisha muulize mwenye kuchora: «Uliondoa nini, na juu ya nini?» Kama hana jibu, hapo uko na kritiki ya kweli.

Na wewe mwenye kupokea, usijibu «hamujui dizaini». Mutu akikuomba jembe, usichore jembe, lakini usimucheke pia. Muulize alikosa kuelewa nini. Labda hakuona kama ni chama cha walimaji. Tatizo lake ni la kweli, hata kama dawa yake haifae.

Kuna jambo lingine, la feza. «Mistari miwili tu, na unaomba dola hamsini?» Hii sentensi inafukuza vijana wetu wengi kwa kazi yao. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi kwa Portland State University, alichora alama ya Nike, mustari mumoja wenye kupinda, akalipwa dola 35. Phil Knight mwenyewe hakuipenda sana siku ile, lakini aliichukua bila kuongeza kiatu ndani. Mwaka 1983 kampuni ikamupa hisa kama shukrani.

Wenyewe tunalalamika kama kazi ya licencié hailipwe. Basi tusiwe wa kwanza kupima kazi ya mwenzetu kwa hesabu ya mistari. Na kama logo inakosa kitu kweli, sema ni kitu gani, na ni fasi gani kinakosekana.