Nyonga ya Kulia, Bakora Mkono wa Kushoto

Mdogo wangu alirudi nyumbani siku ya sita baada ya upasuaji akiwa na nyonga mpya ya kulia, magongo mawili ya alumini na karatasi moja ya mazoezi iliyokunjwa mara nne. Waliokuja kumpa pole waliuliza swali lile lile: upasuaji ulichukua muda gani? Saa mbili na kitu. Wakashangaa, wakamshukuru Mungu, wakaondoka wakijua kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza. Miezi mitano iliyofuata ndiyo iliyomrudisha darasani kusimama mbele ya watoto, na ndiyo ninayotaka kuichambua hapa, maana sehemu hii ya matibabu huachiwa mgonjwa na ndugu zake waiendeshe kwa kubahatisha.

Kwanza kilichoharibika. Kichwa cha fupa la paja ni tufe lililokaa ndani ya kikombe cha nyonga. Damu inakifikia kwa mishipa michache myembamba inayopanda kupitia shingo ya mfupa, na mishipa hiyo ikiziba hakuna njia ya mchepuko ya maana. Inaweza kuziba au kukatika kwa namna nyingi: ajali inayotegua nyonga au kuvunja shingo ya paja, dozi kubwa za dawa za steroidi zilizotumika muda mrefu, ulevi wa miaka. Kwa mdogo wangu ilikuwa selimundu, aliyozaliwa nayo. Chembe za damu zilizopinda zinakwama kwenye mishipa midogo, na mfupa ulioko mbele ya kizuizi unakosa hewa na kufa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wanaofikia utu uzima sasa ni wengi kuliko zamani, na hilo ni jambo la heri, lakini wanafika na nyonga zao. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 2,500, ulikuta karibu mmoja kati ya kumi tayari ana tatizo hili.

Mfupa hauumi siku unapokufa. Unabaki umesimama kama mti uliokauka, miezi mingi, huku mwili ukijaribu kuukarabati kwa kung'oa kilichokufa na kujenga kipya. Tatizo ni kwamba kung'oa kunatangulia kujenga. Ukifika wakati ule wa katikati, ganda jembamba lililo chini ya gegedu linapasuka, tufe linabonyea, na hapo ndipo maumivu yanapoanza kwa kweli. Tena hayakai nyongani peke yake. Yanashuka kinenani, yanafuata paja, yanatua gotini. Mdogo wangu alichuliwa goti kwa miezi minane. Picha ya goti ilipotoka safi aliambiwa ni maumivu yake ya kawaida ya selimundu, akaongezewa vidonge. Hakuna aliyemlaza chali akauzungusha mguu wake kwa ndani, kipimo kisichogharimu hata senti, ambacho kingemfanya aruke kitandani na kuonyesha tatizo liko wapi. Kipimo cha MRI huona mfupa uliokufa mapema, kabla eksirei haijaonyesha chochote, na wakati huo daktari anaweza kutoboa shingo ya mfupa kupunguza shinikizo na kujaribu kuliokoa tufe. Likishabonyea, mlango huo umefungwa. Lake lilikuwa limeshabonyea, na mguu wa kulia ulikuwa umepungua urefu kiasi cha kidole kimoja.

Upasuaji wenyewe nitaupita haraka. Nyonga za kisasa zinatokana na kazi ya John Charnley, aliyeanza mwezi Novemba 1962 katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, kuoanisha tufe dogo la chuma na kikombe cha plastiki ngumu ya polithini baada ya plastiki aliyoitumia kwanza kulika vibaya. Tufe lake lilikuwa la milimita 22. Siku hizi wengi huweka la 32 au 36, kwa sababu tufe kubwa haliteguki kirahisi. Mwenye selimundu ana ugumu wake wa ziada: aliongezewa damu kabla ya siku yenyewe, akawekewa dripu mapema asikaukiwe, akafunikwa asipate baridi. Tundu la uboho ndani ya fupa la paja lilikuwa limezibwa na mfupa mgumu, na daktari alilichimba taratibu asije akalipasua paja. Kigingi cha titani kikagongwa humo bila saruji, kikiwa na ngozi ya kukwaruza ili mfupa ukishike wenyewe kwa wiki kadhaa.

Kesho yake alisimama. Hili liliwatisha watu wa nyumbani kuliko kisu chenyewe. Lakini chuma hakihitaji kupumzishwa, na kulala ndiko kunakoleta damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kinachohitaji miezi ni nyama.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye siri yote. Ukisimama kwa miguu miwili nyonga hazina kazi kubwa. Kazi inakuja ukiinua mguu mmoja, na kutembea ni kuinua mguu mmoja baada ya mwingine. Chukua mtu wa kilo 60. Akisimama kwa mguu wa kulia, nyonga ya kulia inabeba kila kitu isipokuwa mguu wenyewe, tuseme kilo 50. Uzito huo hauko juu ya nyonga. Uko katikati ya mwili, kama sentimita 10 kuelekea kushoto. Ukiachiwa, kiuno kitaangukia kushoto. Kinachokizuia ni msuli wa pembeni ya nyonga, ule unaoukuta chini ya kiganja ukijishika kiuno na kuteremsha mkono kidogo. Na msuli huo umepewa upande mfupi wa mti, kama sentimita 5 tu. Aliyewahi kubeba mzegazega anaijua hesabu hii begani: ndoo iliyo karibu na bega lazima iwe nzito zaidi ndipo mti ukae sawa. Kilo 50 kwa sentimita 10 zinadai kilo 100 kwa sentimita 5. Zijumlishe, na nyonga ya mtu wa kilo 60 inabanwa kwa kilo 150 kila hatua.

Msuli wa mdogo wangu ulikuwa umelala karibu miaka miwili. Alikuwa akichechemea kwa kuutupa mwili upande wa kulia kila anapokanyaga, na huo ulikuwa ujanja wa mwili kuleta uzito karibu na nyonga ili msuli usivute. Nyonga mpya ilikuja, ujanja ukabaki. Mwili haujui kwamba chuma hakiumi.

Sasa mpe bakora mkono wa kushoto. Inagusa ardhi kama sentimita 50 kutoka nyonga ya kulia. Akiikandamiza kwa kilo 5 tu, uzito wa mfuko mdogo wa unga, tano mara hamsini ni 250. Gawanya kwa 5, msuli umepunguziwa kilo 50. Ni hesabu ya karatasi, mwilini nafuu huwa ndogo kuliko hiyo, lakini bado ni kubwa kuliko unavyotarajia kwa kijiti. Mwaka 1956 daktari wa mifupa wa Marekani, Walter Blount, aliandika makala nzima kuwasihi wenzake wasiitupe bakora. Ishike mkono wa kulia, upande wa ugonjwa, na sehemu kubwa ya faida inapotea, kwa sababu imekaribia nyonga na mti umekuwa mfupi. Hata hivyo karibu kila mtu huishika upande unaouma. Angalia kituo chochote cha daladala.

Kwa hiyo wiki sita za kwanza alitumia magongo mawili, kisha gongo moja la kushoto, kisha bakora. Vitu vidogo vilikuwa na uzito. Magongo yalikuja marefu, yakimgusa kwapani, naye akayaegemea mpaka mkono ukaanza kufa ganzi. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyateremsha tundu mbili hadi vidole vitatu vikapita kati ya kwapa na gongo, akasema uzito ukae viganjani. Mpira wa chini wa gongo moja ulikuwa umelika upande, unang'aa. Juu ya sakafu ya saruji yenye maji ule mpira ni sawa na sabuni. Tulinunua mpya dukani kwa fundi baiskeli, na sioni fedha iliyotumika vizuri zaidi katika safari ile nzima.

Kwenye ngazi tatu za baraza alifundishwa maneno haya: mzima apande kwanza, mgonjwa ashuke kwanza. Mguu unaotangulia kupanda ndio unaoinua mwili wote. Unaobaki juu wakati wa kushuka ndio unaouteremsha polepole. Kazi zote mbili anapewa mzima.

Daktari alikuwa ameingilia kwa nyuma, na ngozi ya kiungo upande huo ilihitaji kama miezi mitatu kupona. Katika kipindi hicho goti lisipande juu ya usawa wa nyonga, miguu isipishane, kidole gumba kisigeukie ndani. Karatasi ya mazoezi ilisema hivyo, na ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye viti virefu. Nyumba yetu ina choo cha kuchuchumaa, kibao cha mbuzi, jamvi, na mama anayechagua mchele akiwa ameketi chini. Kuchuchumaa kunakunja nyonga kupita pembe mraba mara moja. Fundi seremala alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, kirefu kiasi kwamba miguu ya mdogo wangu ilifika chini kwa shida, kikawekwa juu ya tundu la choo. Swala alisali kwenye kiti, sijida kwa kuinamisha kichwa tu, na wiki ya kwanza alilia kwa hilo kuliko maumivu. Nawasihi wanaoandika karatasi hizi waandike vitu hivi kwa majina yake: choo, jamvi, kigoda, bodaboda. Mgonjwa aliyeambiwa asizidi nyuzi 90 hajui kwamba ndizo anazovuka akifua.

Mwenye selimundu ana sharti jingine, maji. Zoezi la kutoa jasho mchana wa Februari bila kunywa linaweza kuamsha maumivu ya damu mwili mzima na kupoteza wiki mbili za kazi. Tulifanya mazoezi asubuhi na jioni, chupa ikiwa mkononi mwa mpwa wake.

Mwezi wa pili kulikuja mgogoro. Maumivu yalikwisha kabisa, akaanza kuacha bakora nyuma ya mlango. "Dada, watoto wataniita bibi," aliniambia. Nilimwelewa, ana miaka 29. Ndugu mmoja akamletea habari za Bo Jackson, yule Mmarekani aliyecheza michezo miwili ya kulipwa. Nyonga yake iliteguka Januari 13, 1991 katika mechi ya futiboli ya Kimarekani, damu ikakatika, mfupa ukafa. Aprili 9, 1993, akiwa na nyonga ya bandia, zamu yake ya kwanza ya kupiga besiboli aliutoa mpira nje ya uwanja. Habari hiyo ni ya kweli, na huwa inasimuliwa kwa kuruka katikati. Alijaribu kurudi mwaka 1991 kabla ya upasuaji, akacheza mechi 23 juu ya mfupa uliokufa, haikufaa. Nyonga ya bandia aliwekewa Aprili 1992. Kati ya kisu na pigo lile umepita mwaka mzima, wa mtu mwenye misuli ambayo wachache duniani wamewahi kuwa nayo, na kazi yake ya wakati huo ilikuwa mazoezi tu. Futiboli hakuirudia kamwe. Nilimsomea mdogo wangu tarehe hizo mbili, akahesabu miezi kwa vidole, akaifuata bakora.

Kipimo cha kuiacha hakikuwa tarehe. Mwaka 1895 mpasuaji Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza kwamba msuli wa pembeni ukiwa dhaifu, mtu akisimama kwa mguu wa upande huo, kiuno kinaanguka upande wa pili. Mtaalamu wetu alitupa namna ya kukiona nyumbani bila kifaa. Afunge kanga kiunoni juu ya mifupa miwili ya nyonga, pindo la juu likiwa limelala sawa. Asimame mbele ya ukuta, vidole viwili vikigusa ukuta, ainue mguu wa kushoto. Mtu akae nyuma yake atazame pindo.

Wiki ya saba pindo liliteremka kushoto kabla sijamaliza kusema moja. Wiki ya kumi na moja lilisimama hadi nne, kisha likaanza kutetemeka. Kila siku alikuwa akilala kwa upande wa kushoto, mto kati ya magoti, akiuinua mguu wa kulia mara kumi, akipumzika, mara kumi tena, taratibu kwenda juu na taratibu zaidi kurudi. Ni zoezi linalochosha kulitazama. Mama alikuwa akimhesabia kutoka jikoni.

Wiki ya kumi na tisa nilikaa nyuma yake tena, kanga ya rangi ya bluu, pindo jeupe. Akainua mguu. Nilihesabu hadi kumi na pindo halikusogea, nikaendelea hadi ishirini kwa sababu sikuamini macho yangu, naye akaniuliza bila kugeuka, "Limeanguka?"