Bambo na Mbung'o

Sokoni Rongo, kaunti ya Migori, niliwahi kumtazama mama mmoja, mnunuzi wa karanga, akikagua magunia kumi. Alichomeka bambo guniani, akalizungusha, akalichomoa, karanga zikamwagika kiganjani. Akazipasua mbili kwa kidole gumba, akanusa, akalisogeza gunia kando. Hakuligusa tena.

Nauenzi ufundi huo, hasa kule kusogeza kando. Sarafu haina kumbukumbu: irushe mara mia, bado ni nusu kwa nusu. Magunia yana kumbukumbu. Tuseme matatu kati ya kumi yameingia kuvu. La kwanza kuwa zima ni 7 kwa 10. Likiwa zima, la pili ni 6 kwa 9, la tatu 5 kwa 8. Zidisha, upate 7 kwa 24: anayechoma matatu tu hudanganyika karibu mara tatu katika kila kumi. Akichoma matano, mara moja kwa 12. Akichoma manane hadanganyiki kamwe, maana mazima ni saba tu. Kila gunia linalotoka hupunguza shaka iliyobaki. Wanatakwimu huiita hesabu hii mgawanyo wa haipajiometriki.

Hesabu hiyohiyo, ukiigeuza, huhesabu kisichohesabika. Katika bonde la Lambwe, Homa Bay, ilipo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, mbung'o walieneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Utajuaje wako wangapi vichakani? Miaka ya 1930, huko Tanganyika, C. H. N. Jackson aliwatia mbung'o nukta za rangi, akawaachilia, kisha akawanasa upya. Ukitia alama 200, halafu mtegoni ukakuta 150, kumi kati yao wana rangi, basi kumi kwa 150 ni kama 200 kwa wote: 3,000. Mwaka 1951 Douglas Chapman, akiutumia mgawanyo huu, alionyesha kwamba hesabu hiyo huelekea kuzidisha. Kwa kanuni yake tunapata 2,758.

Lakini kanuni haimsaidii mwenye mkono mzito. Mbung'o hushikwa kwa upole, nukta ikae mgongoni, isiguse bawa. Rangi ikimlemaza, hanaswi tena, na karatasi itasema mbung'o ni wengi kuliko walivyo. Pia lazima wapewe muda wa kuchanganyika na wenzao. Kosa dogo la kidole hugeuka mamia ya wadudu wasiokuwepo. Kwa hiyo namheshimu mtia nukta sawa na mwenye kanuni.

Yule mama alikuwa amefika gunia la nne. Alinusa, akanusa tena, akanyoosha kiganja kwa mwenye mali naye anuse. Hakuna aliyesema kitu. Gunia likasogezwa upande wa pili, peke yake, bambo likaingia la tano.