Pa Bure Pana Mwenyewe

Kuvuka kutoka Kigongo hadi Busisi siku hizi hakumalizi wimbo mmoja wa redio. Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3. Gari likishashika mwendo, Ghuba ya Mwanza imebaki nyuma kabla abiria hajapata picha anayoitaka. Mjomba wangu aliendesha malori njia hii mpaka macho yalipomkatalia. Siku nilipomvusha darajani kwa mara ya kwanza hakuziangalia nguzo wala nyaya. Alishusha kioo, akachungulia upande wa gati la zamani la pantoni, akasema, "Pale nimelala siku nyingi kuliko nyumbani kwangu. Na sikulipa hata senti."

Tulipokaribia ng'ambo akajisahihisha: "Yaani, sikulipa kitanda."

Sahihisho hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Asiyeijua barabara hudhani kulala bure ni kusimamisha gari popote usingizi ulipokukuta. Anayefanya hivyo huamka tangi limenyonywa, turubai limechanwa au tairi zimezama. Kupata pa kulala ni ufundi kama useremala: una vipimo vyake, na mwanafunzi huharibu mbao nyingi kabla hajatoa kigoda cha kukalika. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Likizo mbili za shule, miaka ya 1990, nilikuwa utingo wa mjomba kwenye lori lililopeleka saruji na soda Kagera, likarudi na ndizi na, tukipita Geita na Sengerema, mananasi.

Busisi ndiyo ilikuwa shule yetu. Pantoni ilibeba magari machache kwa safari. Mabasi na wagonjwa wanaowahishwa hospitali ya Bugando walitangulia, lori la ndizi likangoja zamu. Hata miaka ya baadaye, MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema zilipokuwa zikipishana, foleni haikwisha. Ukifika jioni umechelewa, unalala. Posho ya kulala aliyopewa na tajiri wa gari, mjomba aliifikisha nyumbani ikiwa unga na ada ya shule. Yeye alilala kabini. Kitanda changu kilikuwa juu ya mikungu, chini ya turubai, nikinusa ndizi zilizoanza kuiva bila idhini ya mwenye mzigo.

Somo la kwanza lilikuwa la saa. Pa kulala hutafutwa jua likiwapo, kwa sababu usiku udongo wote ni mweusi. Wasukuma wana majina ya udongo kama watu wa pwani walivyo na majina ya pepo. Luseni ni mchanga wa juu, karibu na yale mawe makubwa yaliyoipa Mwanza sifa. Maji hupita, tairi hukaa. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni: ukikauka hupasuka nyufa za kumeza kandambili, ukinyeshewa hugeuka ulimbo. Mjomba alishuka, akakita kisigino chini, akakizungusha. Kisigino kikisaga mchanga, tunakaa. Kikitoka na donge, tunasonga mbele, hata kama mahali penyewe pana kivuli na upepo wa kumtamanisha mtu.

Somo la pili lilikuwa la mwanga. Taa humfukuza mwizi, lakini huita wadudu. Ziwa Victoria lina vijidudu vinavyoinuka majini mithili ya moshi wa nyasi zinazoungua. Vikiifuata taa vinajaa kabini, puani na kwenye kikombe cha chai. Basi mjomba aliegesha ukingoni mwa mwanga: tangi la dizeli upande unaoonekana, mlango wa kabini upande wa giza. Pua ya gari ilitazama barabara, ili likitokea la kutokea tusianze kuhangaika na kurudi nyuma. Karibu na baa hakulala hata kwa kubembelezwa. Karibu na msikiti alipapenda. "Alfajiri," alisema, "utaamshwa bure pia."

Hayo yote nilidhani ndiyo ufundi wenyewe, mpaka nilipomtazama vizuri jioni moja pale Busisi. Alikuwa amekwisha kupapima mahali: mchanga, mwembe, taa kwa mbali. Hakulisogeza gari. Alikwenda kwanza kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga sato kando ya barabara, akainama kidogo. "Mwadila, mayu." Mama akaitikia. Mjomba akaagiza ugali wa watu wawili, akaketi kwenye benchi, akaulizia mvua na bei ya muhogo. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akauliza: "Mama, wageni hapa hulala wapi?"

Usiku ule, tukiwa tumejinyoosha, alinifundisha lile swali. Usiulize, "Naweza kulala hapa?" Swali hilo humgeuza mtu askari, anaanza kutafuta sababu ya kukataa. Uliza wageni hulala wapi. Hapo unamfanya mwenyeji, na mwenyeji hapendi mgeni wake apatikane na baya. Mama hakutuambia ndiyo wala hapana. Alielekeza kwa mwiko: "Pale penye mwembe. Lakini sogeeni upande wa huku kidogo, ng'ombe wanapita hapo alfajiri kwenda kunywa." Macho ya mjomba yalikuwa yameona mchanga, kivuli na taa, njia ya ng'ombe hayakuiona. Alfajiri nilifunua turubai nikaona pembe zikipita, hatua nne kutoka kwenye tairi letu, mchungaji akipiga mluzi.

Mama yule alifanya na jingine. Sungusungu walipopita na fimbo zao usiku wa manane, hawakutuamsha. Walinzi hawa wa jadi walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, na gari geni lililolala kijijini lilikuwa swali wanalotaka jibu lake. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kwenye kikaango. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Hao ni wa mama wa samaki," wakaendelea na njia yao.

Ndipo nikaelewa kwamba ugali ule haukuwa chakula tu. Babu zetu wangeutambua mara moja. Misafara ya karne ya 19, iliyobeba pembe na nguo kati ya bara na Bagamoyo, ilikuwa na Wanyamwezi na Wasukuma wengi waliofanya kazi ya kulala njiani kuwa utaalamu. Speke, mpelelezi Mwingereza, alipofika upande huu wa ziwa mwanzoni mwa Agosti 1858, akisaidiwa na Sidi Mubarak Bombay, nyuma yake walikuwa watu waliojua kuchagua kambi kwa maji na kuni, na kuizungushia boma la miiba. Lakini kabla ya miiba palikuwa na mtemi, na kwa mtemi palikuwa na hongo: vitambaa, shanga au waya, malipo ya kupita na kukaa katika nchi yake. Neno limebaki, maana imeoza. Leo hongo ni rushwa. Mjomba alichukia rushwa kama mtu anavyochukia jino bovu, ila sahani mbili za ugali alizilipa kwa furaha, mbele ya macho ya kijiji kizima. Nadhani tofauti iko hapo. Anayepokea hongo mpya hutazama pembeni. Yule mama alituhesabia chenji kwa sauti.

Mbao niliyoiharibu mimi ni hii. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zikiwa zimeilowesha nchi, mjomba alishikwa na homa njiani, tukiwa hatujafika Busisi. Akaniambia, "Leo tafuta wewe." Nikatafuta. Nikaona uwanja wa majani mafupi unaoteremka kuelekea ziwani, hakuna mtu, hakuna baa, hakuna wa kutusumbua. Nikajiona nimempita mwalimu. Tukalala. Wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa zao, maana mwezi haukuwapo, na ziwa likaonekana mji uliojengwa usiku mmoja. Sijawahi kulala mahali pazuri kuliko pale.

Saa nane usiku viboko walitoka majini kuja kula. Yale majani yalikuwa mafupi kwa sababu yalikuwa na wenyewe. Tulisikia pumzi zao na midomo yao ikinyofoa nyasi, karibu kiasi kwamba mjomba aliniziba mdomo kwa kiganja chenye homa. Kisha mvua ikashuka, na mbuga ikafanya kazi yake. Kulipokucha ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa juu ya matope.

Watu walikuja na majembe, walikuwa kumi na kitu. Walichimba, wakatandika mawe na matawi, wakasukuma hadi jua likawa kali. Hawakutaja malipo mpaka kazi ilipokwisha, na walichotaja kilikuwa haki. Mzee mmoja aliyekuwa akijifuta udongo wa magotini ndiye aliyenimaliza: "Kijana, nyumba yangu ile pale. Mbona hukuuliza?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechagua mahali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza, nikaona huko ni kufaulu. "Pa bure pana mwenyewe," mjomba alisema tulipoingia barabarani. "Usipomwona, ujue yeye amekuona."

Siku hizi dunia ina mabingwa wengine wa ufundi huu. Marekani wapo wanaosafiri na magari yenye kitanda, jiko na choo, wakilala bure kwenye maegesho ya maduka ya Walmart pale meneja anaporuhusu, au kwenye ardhi ya serikali kuu kule magharibi, ambako kwa kawaida huruhusiwa kukaa mahali pamoja hadi siku 14. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenzetu wameongeza muda na kupunguza jembe. Wengine huja na magari ya namna hiyo mpaka kwetu, wakilikata bara kutoka Cape Town kwenda Cairo, na simu zao zina programu zinazoonesha kila mahali ambapo mwenzao amewahi kulala. Nilimwonesha mjomba. Alitazama alama zile kwa muda, kisha akauliza bila kejeli, "Hii simu ilimuuliza nani?"

Foleni za kuufundisha ufundi huu zinapungua. Ndundu, kwenye mto Rufiji, ilikuwa chuo kikuu cha madereva wa Lindi na Mtwara mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia, bado inafundisha. Busisi imefunga darasa, na hakuna mwenye akili anayelilia foleni: ndizi zinafika zikiwa mbichi, na mama mjamzito wa Sengerema hajifungulii tena akiwa anangoja pantoni.

Siku ile ya daraja mjomba aliomba tuingie kwenye barabara ya zamani inayoshuka gatini. Nikasimamisha gari. Akashuka na fimbo yake, akaenda polepole mpaka chini ya mwembe, ule au mwingine, mimi sikuweza kuutambua. Akakita kisigino, akakizungusha. Akatikisa kichwa kuridhika, ingawa hakuna aliyekuwa anapanga kulala.

Wakati wa kurudi fimbo yake iligonga kitu kando ya lami: jiwe la ukubwa wa kichwa, lenye mchirizi mweusi wa mpira upande mmoja. Ndilo jiwe linalowekwa nyuma ya tairi usiku, ambalo yeye alinifundisha kuliondoa alfajiri kabla hata ya kunawa uso, lisije kumuua mwenye pikipiki. Aliinama kwa shida, akalibingirisha hadi majanini.

"Mshenzi," alisema, akipangusa mikono. Kisha akageuka, akautazama tena mwembe, na uso wake ukalainika. "Lakini amelala hapa."