Utongozi wa Wito: Toba, Umbo na Wakati katika Tenzi za Enjili za Julius Nyerere

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wito wa Enjili wa kutubu na kupanga upya mambo ya roho unavyobebwa na umbo la utenzi katika kazi za kidini za Julius Kambarage Nyerere zilizochapishwa mwaka 1996. Inadai kwamba utenzi, kwa tabia yake ya kurejea kina kilekile ubeti baada ya ubeti, unaufaa wito wa kujifanya upya kila siku kuliko wito wa kuongoka kwa ghafla. Tofauti ya miito hiyo miwili inafuatiliwa katika msamiati wa madhehebu ya mkoa wa Mara, na katika neno moja lililomo katika vichwa vya tenzi zenyewe.

Utangulizi

Uhakiki wa Nyerere kama mwandishi wa Kiswahili umekaa kwa muda mrefu katika tafsiri zake mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Sababu zinaeleweka. Tafsiri hizo zilitoka katika miaka ambayo lugha ya taifa ilitafutiwa ushahidi kwamba inaweza kubeba fasihi ya dunia, na mfasiri alikuwa Rais. Tenzi za Enjili nne na za Matendo ya Mitume, zilizotolewa na Benedictine Publications Ndanda–Peramiho, hazikupata bahati hiyo. Ni kazi za mtu aliyekwisha kuacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi mwaka 1990, akarudi nyumbani Butiama. Watu wa fasihi waliziona ni mambo ya dini. Watu wa dini wakaziona ni mambo ya ushairi.

Sasa ipo hatari ya tatu. Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenye heri, naye tangu 2005 huitwa Mtumishi wa Mungu. Katika mchakato wa namna hiyo maandishi ya mhusika hukusanywa na kupimwa kama yanapatana na mafundisho ya Kanisa. Ni kazi halali, lakini si uhakiki. Tenzi zikiingia katika jalada la ushahidi zitasomwa ili zithibitishe kwamba mwandishi alikuwa mcha Mungu, jambo ambalo lina mashahidi wengine wengi na halihitaji mizani wala vina. Linalohitaji kuulizwa ni jingine: wito wa Mungu hupatwa na nini unapotiwa ndani ya utenzi?

Swali hili si la mapambo. Katika Enjili wito ni amri, tena amri fupi. Utenzi ni masimulizi, tena masimulizi marefu. Mtunzi anayeviweka pamoja ameshafanya uamuzi wa kiroho kabla hajaandika ubeti wa kwanza, ajue au asijue.

Neno utongozi

Nyerere hakuziita kazi hizi tafsiri. Kichwa cha mojawapo ni Utenzi wa Enjili Kadiri ya Utongozi wa Luka. Maneno mawili katika kichwa hiki, Enjili na kadiri, yanamweka mwandishi mara moja katika rejista ya Kikatoliki. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Dodoma, naye aliandika Enjili na si Injili katika Utenzi wa Enjili Takatifu uliochapishwa Ndanda mwaka 1963. Neno la tatu ndilo linalomsimamisha msomaji. Katika mazungumzo ya leo utongozi ni ushawishi wa kimapenzi, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza atakayeonyeshwa jalada hili atacheka.

Kicheko hicho kina maelezo ya kimofolojia. Katika ushairi wa zamani kutongoa ni kusema, kusimulia, kutunga. Nomino za vitenzi vya aina hii hurudisha konsonanti iliyodondoka na kuigeuza kuwa z mbele ya kiambishi -i: komboa hutoa ukombozi, okoa hutoa uokozi. Kwa kanuni hiyohiyo tongoa hutoa utongozi, yaani usimulizi. Kutongoza, ambalo kwa umbo lake laelekea kuwa usababishi wa kitenzi hichohicho, nalo hutoa utongozi. Njia mbili zimefika katika neno moja, na moja ya njia hizo imeota nyasi.

Kuchagua njia iliyoota nyasi ni jambo la mshairi aliyesoma diwani za pwani kwa makini. Haifai kudai kwamba Nyerere alikusudia maana zote mbili. Hata hivyo maana ya pili haiikimbii Biblia. Katika Hosea 2:14 Mungu anasema juu ya mke asiye mwaminifu kwamba atamshawishi, atamwongoza nyikani na kusema naye kwa upole. Huko kurudi kwa Mungu kunaanza kwa kubembelezwa, si kwa kukaripiwa. Msomaji mwenye sikio atazisikia sauti zote mbili katika jalada. Neno mahubiri lisingeweza kumpa hilo, wala neno habari.

Mara moja na kila siku

Mwaka 1942, katika misheni ya Wamennonite ya Shirati, kaskazini mwa Musoma, ulitokea uamsho uliounganisha kanisa hilo na wimbi lililoanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Uamsho huo ulikuja na lugha yake. Watu walitubu hadharani, wakataja dhambi zao kwa majina, wakaitana ndugu kuvuka mipaka ya makabila na ya rangi. Neno kuu likawa kuokoka. Sarufi ya neno hili inastahili kutazamwa. Shahidi wa uamsho husema nimeokoka, kwa njeo timilifu: tendo limeisha, hali imebaki. Akiombwa maelezo hurudi kwenye -li- na kutaja siku, mahali, pengine hata saa. Wito katika lugha hii ni tukio lenye tarehe.

Upande wa Kikatoliki, ambao katika eneo la Musoma ulihudumiwa na wamisionari wa Maryknoll tangu 1946, neno lililoshika mizizi ni kitubio. Kitenzi ni kilekile cha asili ya Kiarabu, tubu, lakini kimepewa kiambishi ki- na kugeuzwa kuwa kitu, chombo, mahali pa kurudi. Mtu haulizwi alipokea kitubio lini kana kwamba ni mara moja tu. Anaulizwa alikwenda lini kwa mara ya mwisho. Nyerere alibatizwa mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya uamsho wa Shirati, akaingia katika upande huu wa pili wa sarufi.

Enjili zenyewe hazikubaliani kabisa juu ya mwendo wa wito. Marko ana haraka. Neno la Kigiriki ambalo Biblia ya Kiswahili mara nyingi hulifasiri kwa mara au mara moja limo katika Enjili yake takribani mara 40, na wavuvi wake huziacha nyavu bila maelezo yoyote. (Msomaji wa Musoma, ambaye ameona mitumbwi ikirudi alfajiri, anajua uzito wa kuacha nyavu, si kila msomaji wa Marko anaujua.) Luka hana haraka hiyo. Katika sura yake ya tano Simoni kwanza anaazimwa chombo, kisha anasikiliza mafundisho, kisha anashusha nyavu kwa shingo upande, anapata samaki, anaogopa, ndipo anafuata. Na katika 9:23, agizo la kujitwika msalaba, Luka anaongeza maneno mawili ambayo hayamo katika mahali panapolingana katika Mathayo 16:24 na Marko 8:34: kila siku.

Maneno hayo mawili yanaeleza kwa nini utenzi unaweza kuwa nyumba ya wito. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina kinachorejea mwisho wa kila ubeti hadi utungo uishe. Chukua amri ya Yohana Mbatizaji, tubuni. Ina mizani mitatu. Mitano iliyobaki lazima ijazwe, na vipande vitatu vinavyofuata vijazwe pia. Amri haiwezi kusimama peke yake. Mtunzi analazimika kuiongezea sababu, wakati, mhusika, au kuirudia kwa neno jingine. Katika Marko huu ni upotevu. Utenzi wa Marko, uandikwe na nani, utapigana na Marko, kwa sababu umbo linapunguza mwendo pale ambapo Enjili inakimbia. Katika Luka ni faida: kina cha mwisho kinapogonga tena na tena, msikilizaji anarudishwa mahali palepale, kama muumini arudishwavyo kwenye kitubio.

Ikumbukwe kwamba Nyerere hakulazimika kufuata njia hii. Katika Juliasi Kaizari alikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba shairi lisilo na vina, lililo karibu na mwendo wa usemi wa mtu mwenye hasira au hofu. Angeweza kuifasiri Enjili kwa chombo hicho. Aliyeacha vina mwaka 1963 akavirudia mwaka 1996 hakuwa na upungufu wa ufundi. Alitaka kitu ambacho vina hufanya na usemi huru haufanyi, nacho ni kukaa katika kumbukumbu.

Utenzi nje ya pwani

Yawezekana kupinga kwamba utenzi ni umbo la Kiislamu la pwani, na kwamba Mzanaki aliyejifunza Kiswahili darasani, kwanza Mwisenge hapo Musoma na kisha Tabora, analivaa kama vazi la kuazima. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Chuo cha Herkal cha Mwengo wa Athumani, cha 1728, kinasimulia vita vya imani, na tenzi nyingi baada yake zilifuata njia ya masimulizi ya kishujaa. Lakini mwaka 1858 Mwana Kupona alilitumia umbo hilohilo akiwa mgonjwa, kumwambia binti yake namna ya kuishi mbele ya Mungu na watu. Umbo la masimulizi lilikuwa limekwisha kuwa umbo la kuita. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo ndiyo kazi kuu ya Kiswahili inayoutaka moyo uache dunia, haikuandikwa kwa mizani nane bali kwa kumi, na urefu huo unampa mtunzi nafasi ya kusita mbele ya magofu ya Pate. Nyerere hakuuchukua mwendo huo wa maombolezo. Toba ya tenzi zake haitazami magofu.

Hapo ndipo pana udhaifu wa mradi wenyewe, na usifichwe kwa heshima ya jina la mtunzi. Al-Inkishafi na utenzi wa Mwana Kupona vina mtu anayeitwa: moyo wa mshairi, binti wa mshairi. Msimulizi wa Enjili nzima, akifuata sura moja baada ya nyingine, hana wa kumwita isipokuwa msomaji wa jumla. Uaminifu kwa Maandiko unamnyima nafasi ya nafsi ya kwanza. Mwaka 1970, alipozungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, Nyerere alimjua vizuri aliyekuwa akimwita: Kanisa lenyewe, alilolitaka lisimame na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, la sivyo lingekosa maana kwao. Hotuba ile, iliyotolewa kwa Kiingereza, ni wito wa kupanga upya vipaumbele uliotolewa na mlei mbele ya watawa, nayo ina makali ambayo umbo la tenzi haliyapi nafasi. Wapo watakaotaka kusoma tenzi kama jibu la mzee kwa Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza miiko ya uongozi ya Arusha. Ni usomaji wenye mvuto, lakini mtu anayefuata sura na aya za Luka ana nafasi finyu ya kujibu kikao cha chama, na mhakiki asiitie kwa nguvu.

Lipo pia suala la masikio. Mkoani Mara neno tenzi lina wenyewe wengine. Kwa Mmennonite wa Bukiroba au muumini wa African Inland Church, tenzi ni Tenzi za Rohoni, kitabu cha nyimbo. Ukimwambia kuna tenzi za Mwalimu atauliza zinaimbwa kwa sauti ipi. Swali lake ni la haki kuliko la wasomi wengi. Utenzi wa pwani haukuwa wa kusomwa kimya. Ulighaniwa, na ghani ndiyo iliyofanya kina kirudi sikioni badala ya kubaki jichoni. Jimbo la Bunda lilipoundwa mwaka 2010, lilianza wakati parokia za ukanda huu zina kwaya na vinanda. Ghani ya utenzi haikuwa sehemu ya liturujia waliyoirithi. Hoja iliyotolewa hapo juu, kwamba kina kinachorejea ni kitubio cha sikio, inasimama au kuanguka kwa sauti. Kitabu kilichofungwa kabatini hakirudii kina chochote, na mpaka pale ubeti wa Luka utakapoghaniwa Butiama au Bunda mbele ya watu waliokuja kusali, utongozi wa jalada lake utaendelea kusikika kwa maana ile inayowachekesha wanafunzi.